Nuru Iliyotoka Kabla ya Dunia Kuwako

Askari aliyeko lindoni usiku huijua vema shida hii. Mbele yake gizani kuna nukta ya mwanga. Yaweza kuwa chemli iliyo karibu, iliyofunikwa na moshi; yaweza kuwa moto mkubwa unaowaka mlima wa pili. Kwa macho matupu zote mbili ni nukta ile ile. Akitoa taarifa ya moto kumbe ni chemli, ataiamsha kambi nzima bure. Akinyamaza kumbe ni moto, hasara ni kubwa zaidi. Wataalamu wa falaki wanaozitafuta galaksi za mbali kabisa wamo katika lindo la namna hiyo hiyo, ila nukta zao zimesafiri zaidi ya miaka milioni 13,000 kabla ya kuwafikia.

Yafaa kwanza ifahamike galaksi ni nini. Ule ukanda mweupe unaoivuka anga usiku usio na mwezi ni nyota zisizohesabika, na Jua ni moja miongoni mwake. Jamii nzima hiyo ndiyo galaksi yetu. Zipo nyingine nyingi mno. Moja, iitwayo Andromeda, huweza kuonekana upande wa kaskazini mwezi wa Novemba, mfano wa doa la ukungu, na nuru yake ilitoka huko yapata miaka milioni 2.5 iliyopita. Mwanga huenda mbio kilomita 300,000 kwa sekunde moja, lakini upana wa anga umezishinda mbio hizo. Hata nuru ya Jua hutufikia baada ya dakika 8. Kwa hiyo mwenye kutazama mbali hutazama zamani, kama mke wa askari apokeaye barua iliyokawia njiani: habari azisomazo ni za siku ile ilipoandikwa. Ulimwengu una umri wa miaka milioni 13,800 hivi. Atakaye kuona nyota za kwanza zilivyowaka hana budi kuipata barua iliyotiwa posta mwanzoni kabisa.

Msako wa barua hizo una mengi, lakini habari ya mwaka 1995 haistahili kupitwa haraka. Darubini ya Hubble ilikuwa imepelekwa angani mwezi Aprili 1990, na haukupita muda ikagundulika kwamba kioo chake kilisuguliwa kimakosa. Kosa lenyewe lilikuwa dogo kuliko unene wa unywele, ila lilitosha kuziharibu picha, na darubini ikawa kichekesho magazetini. Wanaanga walikwenda kuitengeneza Desemba 1993. Miaka miwili baadaye Robert Williams, aliyekuwa mkurugenzi wa taasisi inayoziongoza kazi za darubini hiyo mjini Baltimore, Marekani, aliamua ielekezwe kwa siku 10 mfululizo mahali pasipoonekana kitu chochote. Palikuwa kipande cha anga katika kundi la nyota la Dubu Mkubwa, kidogo mfano wa mpira wa tenisi uonekanavyo kutoka umbali wa mita 100.

Wataalamu wakubwa hawakuliafiki jambo hilo. Kwa hesabu zao galaksi za mbali zingekuwa hafifu mno, na huenda picha ingetoka karibu tupu. Muda wa kuitumia darubini uligombewa na watu wa nchi nyingi, na aibu ya kile kioo ilikuwa haijasahaulika. Lakini mkurugenzi alikuwa na haki ya kuutumia sehemu ya muda huo kwa uamuzi wake mwenyewe, naye akautumia. Kuanzia tarehe 18 hadi 28 Desemba 1995 zilipigwa picha 342. Zilipounganishwa, mahali pale patupu palionekana galaksi karibu 3,000. Tena desturi ya wakati ule ilikuwa mwenye kupiga picha kuzimiliki peke yake kwa mwaka mmoja. Williams alizitoa kwa wote bila kungoja, na labda kwa hilo anastahili sifa kuliko kwa ule ujasiri wa kwanza.

Hata hivyo Hubble ilikuwa na mpaka wake. Ulimwengu unatanuka, na mwanga ulioko safarini hutanuliwa pamoja nao. Mwanga ulioanza ukiwa wa samawati hufika ukiwa mwekundu, na ukitoka mbali zaidi hupita wekundu ukawa hauonekani kwa macho tena. Mama wa nyumbani huufahamu mwanga wa aina hiyo pasipo kuupa jina: pasi ya makaa iliyopata moto haing'ai kwa nje, lakini mkono ukisogezwa karibu huhisi kitu kikitoka. Darubini ya kuuona mwanga huo yenyewe lazima iwe ya baridi kali, maana ikiwa na joto itakuwa kama mtu anayetafuta pasi gizani huku ameshika kaa la moto.

Ndiyo maana ikaundwa darubini ya James Webb, kwa gharama ya dola milioni 10,000 hivi. Ilirushwa kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, siku ya Krismasi ya mwaka 2021, ikapelekwa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani. Kioo chake kina upana wa mita 6.5, kimeunganishwa kwa vipande 18 vilivyopakwa dhahabu. Hujikinga na Jua kwa mwavuli wa tabaka tano, wenye ukubwa wa kiwanja cha tenisi, na kivulini mwake mna baridi ya zaidi ya digrii 220 chini ya sifuri.

Sasa turudi kwa chemli na moto. Haidrojeni iliyotanda angani zamani hizo iliumeza mwanga wote uliopita kiwango fulani, hata galaksi ya mbali ikawa kama imekatwa upande mmoja. Ikipigwa picha kupitia vichujio vya rangi mbalimbali, katika vingine huonekana na katika vingine hutoweka kabisa. Kichujio inapotowekea ndicho kitajacho umbali wake. Njia hiyo ni ya haraka, na kwa kawaida husema kweli; lakini galaksi ya karibu iliyojaa vumbi nayo huwa nyekundu, sawasawa na chemli katika moshi. Uthibitisho hupatikana kwa kuupasua mwanga katika rangi zake zote, kama tone la mvua lifanyavyo upinde, na kazi hiyo hula saa nyingi.

Mwaka 2022, mara tu picha za kwanza za Webb zilipotoka, ilitajwa nukta moja iliyodhaniwa kutoka wakati ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka milioni 240 hivi. Ilipewa jina la CEERS-93316, na kama ingethibitika ingezipita zote zilizojulikana. Machi 2023 mwanga wake ulipasuliwa. Ikawa chemli: galaksi yenye vumbi na hewa ya moto iliyong'aa katika rangi chache tu, rangi ambazo kwa bahati ziliangukia vichujio vile vile na kuipa sura ya galaksi ya mbali. Ilitoka wakati ulimwengu ulipokwisha kutimiza zaidi ya miaka milioni 1,000. Kosa hilo halikufichwa. Lilichapishwa waziwazi, na ndivyo inavyopasa.

Basi si ajabu kwamba nukta nyingine, iitwayo JADES-GS-z14-0, ilipokelewa kwa mashaka. Ilikuwa na mwanga mwingi kupita kiasi kwa kitu cha mbali namna ile, na jirani yake kabisa palikuwa na galaksi ya karibu iliyoweza kuwadanganya watazamaji. Januari 2024 Webb iliikazia macho kwa karibu saa 10. Stefano Carniani wa Pisa, Italia, na wenzake walipoupasua mwanga wake, shaka iliondoka: nuru hiyo ilitoka wakati ulimwengu ulipokuwa na miaka milioni 290 hivi tu, nayo ilikuwa imetanuliwa mara 15. Galaksi yenyewe ina upana wa zaidi ya miaka 1,600 ya mwendo wa mwanga, na nyota zake pamoja zina uzito wa Jua mara mamilioni mengi. Hakuna aliyetazamia kitu kikubwa hivyo kujengeka upesi hivyo.

Machi 2025 ilikuja habari ya ajabu zaidi. Makundi mawili, moja la Leiden, Uholanzi, na jingine la huko huko Pisa, yaliitazama galaksi hiyo kwa antena za ALMA zilizoko jangwa la Atacama nchini Chile, yakakuta alama ya oksijeni. Oksijeni haikuwako ulimwengu ulipoanza. Hupikwa ndani ya nyota, na nyota kubwa zinapokufa huimwaga nje. Maana yake ni kwamba, katika barua hiyo ya kale kuliko karibu zote, kizazi kizima cha nyota kilikuwa kimekwisha zaliwa, kikawaka, kikafa. Wanaotaka kuziona nyota za kwanza wamefika wakalikuta jiko lina majivu.

Mei 2025 ilitangazwa galaksi nyingine, MoM-z14, ya miaka milioni 280 baada ya mwanzo, na msako unaendelea. Ile yenye oksijeni imo katika kundi la nyota liitwalo Tanuri. Katika nchi za Ikweta kundi hilo hupanda juu upande wa kusini mnamo saa tatu usiku, mwezi wa Desemba. Askari wa zamu akiinua macho pale hataona ila nyota chache hafifu, na kati yake giza.