Mzembe ni Nani?

Mwenye kifafa akianguka sokoni, watu husema maneno mawili. Kwanza hupiga ukelele, "Msimguse, atawaambukiza!" Kisha, akiisha kupata fahamu, humwambia, "Mzembe wewe, hukumeza dawa." Neno la kwanza ni ujinga mtupu, kwani kifafa hakiambukizi: si kwa povu, si kwa mkono, si kwa pumzi. Lakini neno la pili ndilo nitakalolipinga, maana limevaa kanzu ya hekima na hupita mbele ya watu bila kuulizwa.

Hapana shaka dawa ipo. Fenobabitali ilianza kutumiwa kwa kifafa mwaka 1912, nayo si ya bei kubwa. Shirika la Afya Duniani husema kwamba hata watu 70 katika kila 100 wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka, kama wangepata matibabu yafaayo. Basi kwa nini dawa haimezwi? Mwaka 2012 ulitangazwa utafiti uliofanywa Kilifi, katika pwani yetu ya Kenya, ambako wagonjwa walipimwa damu ili ijulikane kama imo dawa. Katika kila watu kumi wenye maradhi haya, kama sita hawakuwa wakipata matibabu. Je, Kilifi imejaa wazembe? Utafiti huo ulionyesha sababu nyingine: safari ya zaidi ya kilomita 30 kufika penye tiba, gharama ya dawa, na kutoiamini tiba ya hospitali.

Zitazame sababu hizo kwa jicho la haki. Dawa ya kifafa humezwa kila siku, kwa miaka, hata mgonjwa anapojiona mzima. Wala haifai kuachwa pasipo shauri la daktari. Mama afikaye zahanati baada ya mwendo wa nusu siku, akaambiwa, "Dawa zimekwisha, rudi juma lijalo," je, ni yeye aliyezembea? Mtoto ambaye dawa humtia usingizi darasani, na mwalimu akamkemea kwa kusinzia, je, tutastaajabu akiacha kuimeza? Na mzee aliyeambiwa tangu utotoni kwamba kifafa ni kazi ya pepo, ataaminije kwamba kidonge kitamfukuza pepo?

Lakini sababu iliyo karibu nasi kuliko zote ni aibu. Mwanafunzi wa bweni hukificha kidonge chake ndani ya soksi, akingoja taa zizimwe ili akimeze gizani. Usiku mmoja wenzake hukawia kulala, naye hakimezi. Usiku wa pili vivyo hivyo. Usiku wa tatu huanguka. Hakusahau, alituogopa sisi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Lakini hawakuuliza ni nani aliyemfundisha kuficha.

Wako watakaosema kwamba wengine husahau kweli, au huacha dawa kwa kudhani wamepona. Nakubali. Lakini msahaulifu hukumbushwa, na asiyejua hufundishwa. Hakuna aliyepata kupona kwa matusi. Tena kuacha dawa ghafula kwaweza kuleta kifafa kisichokoma upesi, nacho huweza kuua. Kwa hiyo aibu tunayomtwika mwenzetu si mzaha. Yaweza kuwa jeneza lake.

Basi, ninyi msomao, sehemu ya deni hili ni yetu. Kujaza zahanati dawa ni wajibu wa serikali, nayo na iudaiwe. Wajibu wenu hauna gharama hata ya senti moja. Mwenzenu akianguka, ondoeni vitu vya hatari karibu naye, msimtie kitu kinywani, mlazeni ubavu, mkae naye hata azindukane. Ikiwa hakomi baada ya dakika 5, mpelekeni hospitali. Na bwenini, taa zikiwaka, ameze dawa yake mbele yenu kama mtu anywaye maji. Siku hiyo ikifika, ndipo tutakapokuwa na haki ya kuuliza mzembe ni nani.