Tuandike Bei ya Kweli ya Ardhi

Wakenya wenzangu mnaonunua na kuuza ardhi, kuna mazoea yaliyoota mizizi katika biashara ya ploti na nyumba nchini mwetu, nami nawaomba tuyang'oe wenyewe bila kungoja msako wa serikali. Mnunuzi na muuzaji hukubaliana bei moja kwa mdomo, kisha wakaandika nyingine kwenye mkataba. Madalali wanajua, mawakili wengi wanajua, na mnunuzi mgeni akishtuka huambiwa asijali, kila mtu hufanya hivyo.

Chukueni mfano wa ploti ya Nyali, Mombasa, inayouzwa shilingi milioni 12. Mezani panawekwa mikataba miwili. Wa kwanza umeandikwa milioni 4, na huo ndio utakaopelekwa ofisi ya Ardhi ili ushuru wa stempu ukadiriwe. Wa pili una bei kamili, nao unafungiwa ndani ya droo. Milioni 4 zinapitia benki. Milioni 8 zilizobaki zinahesabiwa taslimu, au zinatumwa kidogo kidogo kwenye akaunti ya shemeji yake muuzaji. Na kwa kuwa kuna mthamini wa serikali anayepaswa kuikagua thamani ya ardhi kabla ushuru haujalipwa, mpango wenyewe hauendi mpaka apatikane mtu wa "kuzungumza naye". Mazungumzo hayo nayo yana bei yake.

Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani ndani ya mipaka ya miji, na asilimia 2 nje yake. Kwa milioni 12 mnunuzi wetu wa Nyali angelipa shilingi 480,000. Kwa milioni 4 analipa 160,000. Ameokoa 320,000, toa alichompa yule wa kuzungumza naye, na anatoka pale akijiona mjanja.

Hebu tumfuate muuzaji. Kodi ya faida ya mauzo ya mali ilirudishwa nchini mwaka 2015 kwa kiwango cha asilimia 5, ikapandishwa hadi asilimia 15 kuanzia Januari 2023. Hiyo hulipwa na anayeuza. Kwa kuficha milioni 8, muuzaji amekwepa shilingi milioni 1.2. Ndiyo maana aghalabu yeye ndiye anayelileta wazo la mikataba miwili, na kwa sauti ya upole, kana kwamba anamfanyia mnunuzi hisani.

Kodi hiyo haikufutika. Imehamishiwa kwa mnunuzi. Siku atakapoiuza ile ploti kwa milioni 15, karatasi zitasema aliinunua kwa milioni 4, kwa hiyo faida yake ni milioni 11 na kodi yake shilingi milioni 1.65. Angeandika bei aliyolipa, faida ingekuwa milioni 3 na kodi 450,000, hata kabla ya kutoa gharama zinazoruhusiwa. Aliokoa laki tatu na ushee, akabebeshwa milioni 1.2 za mtu mwingine. Njia pekee ya kuutua mzigo huo ni kumtafuta mnunuzi mwingine atakayekubali kudanganya pamoja naye, na ndivyo uongo mmoja unavyoirithi ploti kutoka mkono hadi mkono.

Hayo ni mambo yakienda vizuri. Yakienda vibaya, hatimiliki ikaonekana ni bandia au muuzaji akafariki kabla ya kuihamisha ardhi, Sheria ya Mikataba inadai makubaliano ya ardhi yawe ya maandishi na yatiwe saini. Maandishi yaliyopigwa mhuri yanasema milioni 4. Ule mkataba wa droo haujalipiwa ushuru, na Sheria ya Ushuru wa Stempu inaizuia hati ya namna hiyo isipokewe kuwa ushahidi katika kesi ya madai. Mnunuzi anayezidai milioni 8 zake lazima kwanza asimame mbele ya hakimu akiri kwamba aliidanganya serikali. Wengi hawathubutu. Wananyamaza, na akiba ya miaka inazama hivyo hivyo.

Lakini ninalotaka mlishike zaidi ni la majirani. Tangu 2019 sheria inaielekeza Tume ya Taifa ya Ardhi, inapokadiria fidia ya ardhi inayotwaliwa kwa mradi wa umma, izingatie thamani ambayo mwenye ardhi mwenyewe aliitaja alipolipa ushuru wa stempu, reti au kodi ya ardhi. Anayeishi kando ya barabara inayopanuliwa kutoka Mombasa kupitia Mtwapa hadi Kilifi, au aliyeona reli ikipita shambani, anajua uzito wa maneno hayo. Uliyeandika milioni 4 unaweza kupimwa kwa milioni 4 zako. Na wathamini huangalia pia ardhi ya jirani iliuzwa kwa ngapi. Mtaa mzima ukiandika theluthi ya bei, mjane aliyenunua kipande chake kwa haki na kukilipia ushuru wote atakuta thamani ya eneo imekwisha kushushwa na watu asiowajua.

Wapo watakaoniuliza: je, kupunguza kodi ni haramu hata kidogo? Hapana. Mrithi anayehamishiwa ardhi ya marehemu hatozwi asilimia hizo za ushuru wa stempu. Anayenunua nyumba yake ya kwanza chini ya mpango wa nyumba za bei nafuu amesamehewa. Hizo ni nafuu zilizowekwa na Bunge, na ni haki yako kuzidai bila haya. Mawakili wetu hupenda kuitaja kesi ya Uingereza ya mwaka 1935, ya mwinyi wa Westminster aliyegeuza mshahara wa mtunza bustani wake kuwa malipo ya hati maalumu ili apunguze kodi, na majaji wakakubali kwamba mtu anaweza kupanga mambo yake alipe kidogo. Mara chache utawasikia wakiendelea hadi 1981, majaji wa huko huko walipoamua katika kesi ya Ramsay kwamba mpango wa hatua nyingi uliobuniwa kwa ajili ya kukwepa kodi utazamwe kwa jumla yake. Na hata yule mwinyi aliandika kile alichokifanya kweli. Kuandika milioni 4 ilhali umelipa 12 hakumo katika kesi yoyote kati ya hizo. Ni hati ya uongo. Kuuza ploti kisha ukaiita zawadi hakukusaidii pia, kwa sababu sheria yetu huitoza zawadi ushuru kwa thamani ya mali.

Nasikia pia kilio cha pili, na hiki nakiheshimu: kwa nini tulipe ilhali pesa zinaibwa? Uchungu huo ni wa haki. Ila hizo milioni 8 za gizani ndizo zinazompa mwizi wa fedha za umma mahali pa kuzificha. Anayenunua nyumba kwa mabegi ya noti anajificha katikati yetu kwa kuwa sote tunaandika bei zisizo za kweli.

Na kama asilimia 4 ni nzito, nami naamini ni nzito kwa kijana anayenunua ploti yake ya kwanza nje ya mpango wa serikali, basi tuseme hadharani. Mwaka 2024 Mswada wa Fedha uliondolewa baada ya vijana kujaa barabarani, na baadhi yao walilipa kwa maisha yao. Katiba inatupa nafasi ya kutoa maoni bungeni kabla mswada haujapita. Vyama vya akiba, vyama vya wakazi na vikundi vya kununua ardhi viandike waraka mmoja, vidai nafuu kwa kila anayenunua makao yake ya kwanza yenye thamani ndogo, na vimpe kila mbunge nakala kabla ya mswada ujao.

Huku tukingoja, kila chama kiweke katika kanuni zake kwamba hakinunui kwa mikataba miwili. Mnunuzi, lipa pesa zote kupitia benki, na wakili akikuletea karatasi ya pili mwulize ni ya nini. Asipokuwa na jibu, tafuta mwingine. Muuzaji, usimwombe mwenzio akubebee kodi yako. Mthamini na karani wa Ardhi, mnaijua thamani ya kila mtaa: iandikeni hiyo hiyo. Tuanze na mkataba utakaotiwa saini wiki hii.