Vumbi la Kolwezi linataka watafiti wake

Ukiuliza wanafunzi wa udaktari wa Lualaba wanataka nini baadaye, wengi watajibu: kazi katika hospitali ya kampuni. Siwalaumu, utafiti haujazi sahani. Lakini kuna magonjwa ambayo mji wetu una kila sababu ya kuyachunguza: yale ambayo kinga ya mwili inageuka kushambulia mwili wenyewe, kama lupus na baridi yabisi.

Uhusiano wake na vumbi la mawe unajulikana zamani. Mwaka 1953 daktari Anthony Caplan alieleza uvimbe wa pekee kwenye mapafu ya wachimba makaa wa Wales wenye baridi yabisi. Mwaka 1957 Erasmus aliandika juu ya wachimba dhahabu wa Afrika Kusini ambao ngozi yao ilikakamaa. Mtuhumiwa ni silika, na mawe ya Kolwezi yanayo kwa wingi. Wachimbaji wetu wanashuka shimoni bila hata kitambaa puani. Akiumwa viungo, mtu anaambiwa ni uchovu, au amerogwa.

Kijana asiseme njia haipo. Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ni mtaalamu wa sumu, si wa kinga, lakini mfano wake unatosha. Akishirikiana na Benoit Nemery wa Leuven, Ubelgiji, mwaka 2009 alichapisha vipimo vya mkojo vya raia wa Katanga: kobalti ilikuwa nyingi mno. Mwaka 2018 ikafuata Kasulo, hapa hapa Kolwezi, ambako tangu 2014 watu wanachimba katikati ya nyumba. Walipimwa wakaaji 72, na 32 kati yao walikuwa watoto. Swali lilikuwa la kwetu. Maabara ilikuwa ya kule. Hapo ndipo pananiuma.

Sheria ya madini ya 2018 inadai kila kampuni itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Visima na shule, vizuri. Lakini kwa nini fedha hizo zisilipie wanafunzi wawili kila mwaka wakasomee elimu ya kinga, kwa mkataba wa kurudi kufundisha Kolwezi, pamoja na friji ya kutunza damu ya wachimbaji hapa hapa? Jamii ina wawakilishi wake katika kamati za fedha hizo. Wazazi wa Kasulo, waulizeni kwenye mkutano ujao.