Staa Akikwambia Seramiki Inakaa Miaka Tisa, Muulize Nani Anamuoshea Gari

Wadau wa mjini, ile video bado mnaikumbuka. Staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, kasimama pembeni ya mchuma wake mweusi, chawa wake anamwaga tope kwenye boneti, halafu inapita ndoo moja ya maji na tope lote linateleza kama maji kwenye jani la gimbi. Kapsheni: "Seramiki 9H, miaka tisa hakuna kuosha." Komenti zikajaa moto, namba ya simu ya fundi ikawekwa chini, mchezo ukaisha.

Mwaka haujapita, mchuma huohuo ukaonekana kwenye harusi ya msanii mwenzake una viduara vyeupe boneti zima, kama umepata ukurutu. Timu ya kwanza ikasema kapigwa, kapakwa feki. Timu ya pili ikasema wivu tu. Wote wamechemka, maana seramiki inaweza kuwa orijino kabisa na gari likawa vilevile.

Kwanza hiyo 9H. Haina uhusiano wowote na miaka. Ni kipimo cha penseli! Ile HB ya mtihani wa darasa la saba ipo katikati, kuna laini upande wa B na ngumu upande wa H, na 9H ni kati ya zile ngumu kabisa. Maana yake hiyo penseli ikipitishwa juu ya seramiki haiachi mchubuko. Basi. Wapo wauzaji wanaochanganya makusudi na kile kipimo cha mawe ambacho almasi ni 10, mteja anaondoka anaamini gari lake limebakiza hatua moja liwe almasi. Mchanga wa barabara ya vumbi hausomi kapsheni, unachuna kama kawaida.

Halafu angalia unene. Tabaka moja la seramiki likikauka huwa ni kama maikroni 1 au 2. Unywele wako una kama 70. Ile klia ya kiwandani iliyo juu ya rangi ina kama 40 au 50. Sasa kitu chembamba hivyo kitazuiaje kokoto la lori au usukani wa bodaboda kwenye foleni ya Mwenge? Kazi hiyo ni ya ile plastiki nzito inayobandikwa kwenye bodi, ambayo unene wake ni maikroni 150 kwenda juu, na bei yake ni habari nyingine.

Seramiki kazi yake ni nyingine, na ukweli usemwe, inaifanya vizuri. Inashikana na klia, inafanya uso uwe laini, maji yajikunje yadondoke, uchafu usigande. Kuosha kunakuwa rahisi. Kuwa rahisi, sio kutokuwepo! Hapo ndipo staa alipowaingiza watu chaka. Vumbi na chumvi ya baharini vikikaa juu, ile tabia ya kurusha maji inazibwa, mtu anadhani seramiki imekufa kumbe imefunikwa tu. Mara nyingi ikisafishwa vizuri inarudi. Ila maji ya kisima yenye chumvi yakikaukia juani, yanaacha yale madoa meupe ya harusini. Na kunguru wa Dar mnawajua. Kinyesi chao kikishinda kwenye boneti la moto mchana kutwa, hata seramiki ya bei mbaya inaliwa.

Kwa hiyo ile miaka ya kwenye chupa ni ya gari linalotunzwa. Inaandikwa mitatu, mitano, hata zaidi, lakini kwa matumizi ya kila siku wengi wakiona miwili au mitatu washukuru. Yule staa ana geti, ana paa la kuegeshea, ana dereva ambaye kazi yake nusu ni kufuta gari. Na bado lilitoka madoa, kwa sababu dereva naye aliiamini kapsheni.

Sasa fikiria kijana wa Sinza mwenye IST anayofanyia biashara ya mtandaoni, mkopo bado unamkaba. Gari linalala nje chini ya mkungu, linaoshwa barabarani kwa sabuni ya unga na tambaa ambalo limetoka kufuta tairi za Noah. Akachukua hela ya rejesho akapaka seramiki kwa sababu staa kasema. Chupa ileile ya staa haiwezi kumpa miaka ileile. Kwa maisha ya gari hilo, nta nzuri kila baada ya miezi michache, shampuu ya gari na taulo safi la maikrofaiba vina akili zaidi. Kumwambia mtu kama huyo "hakuna kuosha" ili fundi akulipe wewe ni roho mbaya, hata kama kapsheni ina emoji ya kucheka. Na kama posti imelipiwa, iandikwe tangazo. Kuna ugumu gani?

Mwenye hela yake na apake, hakuna ubaya. Ila amkazie fundi kabla ya kutoa chochote. Rangi itasafishwa na kupigwa polishi kwanza? Maana seramiki inafungia kila kilicho chini yake, mikwaruzo ya zamani ikiwemo, na isiposhika vizuri siku ya kwanza hiyo miaka haipo. Gari litakaa ndani bila maji angalau siku nzima likauke? Fundi anayepaka asubuhi na kukukabidhi mchana uingie kwenye mvua, huyo anakimbizana na wateja. Warantii nayo isomwe mpaka maandishi madogo, nyingi zinataka gari lirudishwe kukaguliwa kila mwaka, kwa kulipia, na ukikosa mara moja imekufa.

Na kile kichupa cha kupuliza kinachouzwa kwenye foleni kimeandikwa seramiki kwa herufi za dhahabu, hicho ni cha miezi tu. Kwa bei yake sio kibaya, shida ni pale muuzaji naye anapokwambia tisa.