Kalamu Haiachwi Mlangoni kwa Mume



Tumekaa na jambo hili kifuani siku nyingi, leo tunalitoa. Mwenzetu mmoja, mtoto wa Unguja, ameposwa na kijana anayefanya biashara ya mbao na viazi Yakobi, huko Njombe. Kijana ana dini, ana adabu, na wazee wameridhika. Lakini posa imekuja na mkia: "Ile kazi yake ya kusahihisha makaratasi aiache huko huko. Akija huku atulie." La kusikitisha ni kwamba baadhi ya wetu wenyewe, mashangazi na masomo, wameitikia: kwani kutafuta nukta na mkato nayo ni kazi ya kumchelewesha mtu arusi?

Sisi tunasema ni kazi, na wanaoidharau hawaijui.

Mwenzetu ni mhariri msanifu katika uchapishaji wa vitabu. Mwandishi akimaliza kuandika, yeye ndiye anayekaa na maandishi mstari kwa mstari. Anaangalia tahajia, anahakiki majina na tarehe, anaona kwamba lililosemwa sura ya pili halipingwi sura ya tano, anapunguza maneno yaliyozidi, kisha anasoma prufu kabla kitabu hakijakwenda mtamboni. Jina lake huenda lisionekane popote. Kosa likipita, litaonekana na kila mtu.

Mnadhani ni mambo madogo? Chukueni vijitabu vya ndoa tunavyowapa maarusi wetu. Vingapi vimeandika "mahali" badala ya "mahari"? Hapo mtu atacheka tu. Lakini "mume huruhusiwa" na "mume haruhusiwi" zinatofautiana kwa herufi mbili, na herufi mbili hizo zinageuza hukumu nzima juu chini. Bi arusi wa miaka ishirini, aliyefungiwa ndani na kijitabu chake, atajuaje kwamba aliyekosea ni mchapaji? Atayaamini na kuishi nayo. Tunatumia fedha kwa piko na maua ya jukwaa, halafu elimu ya ndoa tunaiacha ichapwe bila jicho la kuipitia!

Wapo watakaotwambia kuwa mambo haya ni ya kisasa, si yetu. Someni historia yenu. Kurasa za Qur'an zilizokusanywa zama za Sayyidna Abubakar zilikuja kuwa mikononi mwa Bibi Hafsa binti Umar, radhi za Allah ziwe juu yake. Sayyidna Uthman alipotaka kunakili misahafu, aliziazima kwake kisha akamrudishia. Karne ya 11 aliishi Makka bibi mmoja, Karima al-Marwaziyya, aliyesomesha Sahih Bukhari. Wanazuoni walimwendea, akiwemo Khatib al-Baghdadi, na bibi huyu alijulikana kwa kushikilia kwamba nakala ya mwanafunzi ilinganishwe na ya kwake kabla hajaikubali. Dada zetu, kulinganisha nakala na asili yake ndiyo kazi ile ile ya mwenzetu!

Na kwa karibu zaidi tunaye Profesa Saïda Yahya-Othman, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mmoja wa wahariri wa mkusanyiko wa maandishi ya wanawake wa Afrika Mashariki uliotoka mwaka 2007. Bila ya wahariri kama hao, sauti nyingi za bibi zetu zingebaki kwenye masanduku.

Wanasema Yakobi ni mbali. Ni mbali na bahari, ndiyo, na baridi yake itamtaka mtoto wa pwani avae sweta mbili. Lakini kazi ya vitabu haimtaki akae Dar es Salaam. Prufu inatumwa kwa simu, na siku mtandao ukisumbua, Njombe mjini si safari ya kulala njiani. Wanasema ni kazi ya usiku. Kweli, katika magazeti wasanifu wengi hukesha, na hilo bi arusi alifikirie kwa uzito. Vitabu havina kukesha huko: unapewa tarehe, unapanga saa zako, baada ya Alfajiri au watoto wakilala.

Na wanasema mume atamhudumia. Naam, ni wajibu wake, wala hatumpunguzii hata senti. Lakini chumo la mke ni la mke. Dini imesema hivyo zamani, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inayotumika Bara nayo inamtambua kuwa na mali yake. Hatumwambii mtu amkaidi mumewe. Tunachokataa ni kumnyang'anya msichana ujuzi wake kabla hajaulizwa neno.

Wachapishaji nanyi hatuwaachi. Malipo ya ukurasa mnayotoa ni kidogo, na huchelewa. Mkimlipa mhariri kama mtu anayewafanyia hisani, msishangae ukweni wakiiona kazi yake kuwa mchezo.

Bi arusi mtarajiwa, sema mapema. Usingoje siku ya fungate. Mwambie walii wako jambo hili lizungumzwe kabla ya akdi, muulizeni sheikh mnayemwamini, na mkikubaliana liandikwe. Aya ya 282 ya Suratul Baqara imetufundisha kuandika deni, tena kwa mwandishi mwadilifu. Maisha ya mtu yana uzito kuliko deni la miezi sita.

Posa ya mwenzetu bado haijajibiwa. Jibu ni lake na wazee wake, nasi tunamwombea kheri. Ila akienda Yakobi, tunataka sandukuni, kati ya khanga na udi, kalamu yake iwemo.

Wabillahi tawfiq.