Tahadhari: Sindano ya Ijumaa Inawamaliza Wakimbiaji Wetu

Walimu wa michezo, wazazi, na vijana mnaokimbia mbio fupi Nyaramba na Nyamira nzima: kabla mashindano ya zoni hayajaanza, kuna mambo mawili ya kukomesha. La kwanza ni kumkimbiza kijana kwa kasi yake yote kila jioni bila mpango wowote wa msimu. La pili ni kumpeleka akachomwe sindano ya maumivu msuli ukishakataa, ili kesho yake aingie uwanjani. La pili huzaliwa na la kwanza, na yote mawili yanazidi kuonekana ya kawaida.

Mambo huenda hivi. Tarehe ya mashindano inatangazwa zikiwa zimebaki wiki mbili. Mwalimu anawakusanya wakimbiaji saa kumi jioni kwenye uwanja wa nyasi ulioinama upande mmoja, njia zimechorwa kwa majivu. Mita 100 mara ya kwanza, wanarudi wakitembea. Mara ya pili, ya tatu, mpaka ya nane au ya kumi. Kesho yake vivyo hivyo. Alfajiri kijana huyohuyo ametumwa barabarani na wenzake wa mbio ndefu, kilomita nane za milima, eti apate pumzi. Jumamosi yuko shambani anachuma majani chai tangu asubuhi. Wiki ya pili, akiwa amefika kama mita 60, mkono unarukia nyuma ya paja na anaanza kuchechemea. Hapo watu husema amekazwa na msuli, asuguliwe.

Hakukazwa. Msuli wa nyuma ya paja umechanika. Mtu anapokimbia kwa kasi ya juu kabisa, msuli huo hufanya kazi ngumu kuliko wakati wowote pale mguu unaporushwa mbele, muda mfupi kabla haujagusa chini. Unanyooka huku ukijizuia. Ukiwa umechoka au uko baridi, ndipo unapoachia. Na ukishachanika mara moja, hatari ya kuchanika tena pale pale huwa kubwa zaidi, hasa mwenyewe akirudi mbioni haraka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mara nyingi ukuta wenyewe hauwezi kujengwa tena.

Kwa mwenye miaka 13 hadi 17 kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaijui. Pale chini ya kalio, msuli unaposhikana na mfupa, mfupa wa kijana anayekua bado haujakomaa. Msuli ukivuta kwa nguvu unaweza kung'oa kipande cha mfupa. Kijana akisema alisikia kitu kikilia "pa!" chini ya kalio na sasa hawezi kukaa vizuri wala kutembea sawasawa, asisuguliwe na asichomwe chochote. Apelekwe hospitali apigwe eksirei.

Sasa sindano. Kijana anaumia Alhamisi. Ijumaa anapelekwa duka la dawa au zahanati. Jumamosi anakimbia akiwa hasikii maumivu. Maumivu ndiyo yaliyokuwa yakimwambia asimame. Sindano haishoni msuli. Inamnyamazishia kengele tu, naye anaumalizia mwenyewe kwenye mita 100.

Tena ndani ya sindano hiyo huenda mna deksamethasoni, betamethasoni au triamsinoloni. Dawa za jamii hii zinasaidia wagonjwa wengi hospitalini. Lakini tangu tarehe 1 Januari 2022, Shirika la Dunia la Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli, WADA, limepiga marufuku kuzichoma mwilini kwa njia yoyote ya sindano wakati wa mashindano, hata zikichomwa ndani ya kiungo kinachouma. Kwa kanuni hizo, muda wa mashindano huanza saa 5:59 usiku wa kuamkia siku ya mbio. Dawa iliyochomwa Ijumaa mchana bado imo mwilini Jumamosi. Triamsinoloni ikichomwa kwenye msuli, mwanariadha anashauriwa kukaa siku 60 kabla ya kushindana. Na sheria haiulizi nani alishika bomba la sindano. Kinachopatikana mwilini mwako ni chako.

Hilo lilimkuta mkimbiaji wetu mkubwa kuliko wote wa mita 100. Mwaka 2017 Ferdinand Omanyala alipatikana na betamethasoni, baada ya kutibiwa maumivu ya mgongo, akafungiwa miezi 14. Alirudi, na mnamo Septemba 2021 akakimbia sekunde 9.77 pale Kasarani, rekodi ya Afrika. Yeye alipata nafasi ya pili. Kijana wa kidato cha tatu anayetegemea mbio zimpatie karo au nafasi katika timu ya jeshi au polisi huenda asiipate. Msiniambie kwamba kwenye zoni hakuna anayepima. Anayezoea sindano kwenye zoni ataifuata mpaka taifa, na huko vipimo vipo.

Dawa ya haya yote ni mpango, na mpango hauhitaji pesa. Gusii tuna sifa ya mbio ndefu tangu Naftali Temu alipoiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, mita 10,000, Mexico 1968. Sifa hiyo imetufanya tumpe kila mkimbiaji mazoezi ya Temu. Tunasahau kwamba kwenye kikosi cha Kenya kilichoshinda dhahabu ya mita 400 kupokezana vijiti Munich 1972, watatu kati ya wanne, Charles Asati, Hezekiah Nyamau na Robert Ouko, walitoka huku huku Gusii. Asati alikuwa pia bingwa wa Jumuiya ya Madola wa mita 400 mwaka 1970 na 1974. Kasi tunayo. Tunaiua kwa kuichosha.

Chukueni kalenda, tieni alama siku ya shindano kubwa mnalolilenga, kisha hesabuni wiki 16 kurudi nyuma.

Wiki 6 za kwanza ni za msingi: kuchuchumaa na kuinuka, kuruka kwa miguu miwili, kupanda kilima kifupi cha mita 30 hadi 40 na kushuka kwa kutembea. Mara mbili kwa wiki, kijana apige magoti, mwenzake amshike vifundo vya miguu, naye aegemee mbele taratibu huku akijizuia kwa mapaja. Aanze na mara tano tu. Zoezi hili limepunguza majeraha ya paja kwa kiasi cha nusu kwa wachezaji wa kandanda.

Wiki 5 zinazofuata ni za kuondoka: mita 20 na 30 kwa kasi kamili. Kwa kila mita 10 apumzike dakika 1, kwa sababu nguvu ya mbio fupi huisha kwa sekunde chache na huchukua dakika kadhaa kurudi. Jumla ya mbio za kasi kamili isizidi mita 300 kwa jioni moja, na kati ya jioni moja ya kasi na nyingine zipite saa 48.

Wiki 4 baadaye ni za mita 60 na 80, vijiti, na mashindano madogo. Wiki ya mwisho punguzeni wingi wa mazoezi kwa nusu, kasi ibaki. Msimu ukiisha, wiki mbili za mapumziko.

Kama zimebaki wiki mbili tu, msijaribu kubana miezi minne humo. Fanyeni kuondoka na vijiti, jioni tatu kwa wiki, basi. Kila mara anzeni kwa dakika 20 za kupasha misuli moto, na zaidi asubuhi za baridi. Mvua ikilowesha uwanja wenye mteremko, ahirisheni kasi.

Mzazi, kazi ya nyumbani nayo ni mazoezi. Siku ya kuchuma chai au kubeba maji kupanda kilima isifuatiwe na mbio za kasi. Mwambie mwalimu.

Kijana, paja likianza kuvuta au kuuma sehemu moja, simama hapo hapo. Usisuguliwe kwa nguvu siku za kwanza. Mwone daktari, mwambie wewe ni mwanariadha, na uulize jina la kila dawa kabla haijaingia mwilini. Usirudi kwenye kasi kabla hujaweza kukimbia taratibu, kisha nusu ya kasi, bila maumivu yoyote.

Mwalimu, wewe ndiye unayeandika majina ya watakaokimbia. Jumatatu hii waulize wakimbiaji wako mmoja mmoja ni nani anayeumwa na paja. Anayeumwa, mwondoe kwenye orodha, hata kama ndiye mwenye kasi kuliko wote, na hata shule ikikosa kikombe mwaka huu.