Wakili wa Nyumba na Orodha ya Mkopeshaji



Mwezi uliopita tulipokea barua kutoka mji wa Leicester, Uingereza. Mwenye kuiandika ni kijana tuliyemsomesha chuoni kwetu tangu hajui alifu wala bee, na leo ni baba wa watoto watatu. Atueleza kuwa yeye na mkewe walipata nyumba waliyoipenda, karibu na msikiti na skuli. Walikubaliana bei na mwenyewe, na mkopeshaji akaahidi kuwapa fedha. Ikabakia kazi ya wakili. Hapo mjomba wa mkewe akawaambia: "Msihangaike. Yuko wakili Mwislamu, mtu mwema, twasali naye safu moja." Wakaenda kwake, wakalipa malipo ya mwanzo, naye akaianza kazi. Baada ya wiki tano mkopeshaji akawaarifu kuwa wakili yule hamkubali, kwani afisi yake haimo katika orodha yake. Ikawalazimu kutafuta wakili mwingine na kuanza upya. Mwenye nyumba akachoka kungoja, akamuuzia mtu mwingine.

Kijana atuuliza: "Maalim, je, tulikosea kumwamini ndugu yetu Mwislamu?"

Twamjibu yeye, na kwa kumjibu yeye twawajibu wazee wengi walioko huku pwani, ambao watoto wao wako Uingereza, na kesho huenda nao wakatakwa shauri kama hili. Sisi hatukusoma sheria; tulisoma chuoni na katika skuli ya msingi. Walakini mtu asiyejua huuliza, nasi tumewauliza wajuao, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Kumwamini yule wakili hamkukosea. Mlilokosea ni kutomuuliza suali moja kabla ya kumlipa. Uaminifu wa mtu ni jambo moja, na kukubaliwa na mkopeshaji ni jambo jingine. Mtu huenda akawa mwema wa kupigiwa mfano, na jina lake lisiwemo katika orodha.

Yafaa kwanza tufahamu kwa nini orodha hiyo ipo. Katika Uingereza na Wales, mtu anunuapo nyumba kwa mkopo wa rehani, kwa kawaida wakili mmoja huwatumikia watu wawili: mnunuzi, na huyo anayemkopesha. Wakili huchunguza hati ya nyumba. Huuliza halmashauri ya mji kama kuna barabara au jengo linalokusudiwa kupita hapo. Huuliza khabari za maji na mifereji. Kisha humwandikia mkopeshaji cheti cha kumthibitishia kuwa milki ni safi. Kwa neno lake hilo mkopeshaji hutoa fedha, na fedha hizo hupitia mkononi mwa wakili. Baada ya nyumba kununuliwa, wakili ndiye mwenye kuiandikisha rehani katika afisi ya serikali ya kuandikisha ardhi, nayo ni afisi iliyoanzishwa mwaka 1862. Akichelewa au akikosea, huenda mkopeshaji akajikuta ametoa mali bila ya dhamana.

Kwa hivyo kila mkopeshaji huweka orodha ya afisi za mawakili anazozikubali. Hutazama kama afisi ina bima ya kutosha, kama imepata kuadhibiwa, na kama kazi hii huifanya mara nyingi au mara mojamoja. Wako wasiomkubali wakili afanyaye kazi peke yake bila ya mshirika. Wengi hutaka afisi iwe na cheti cha ubora wa kazi ya mauzo ya nyumba kitolewacho na Chama cha Mawakili. Baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008, wakopeshaji walizidi kukaza masharti. Mwaka 2012 benki ya HSBC iliipunguza orodha yake hata zikabaki afisi zisizofika 50 kwa Uingereza na Wales nzima. Mawakili wakalalamika sana, na baadaye orodha ikapanuliwa tena. Twalitaja hilo ili ijulikane kuwa orodha hubadilika, na wakili aliyekubaliwa mwaka jana huenda mwaka huu asikubaliwe.

Jambo hili lisiwe geni kwetu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, nayo ni ya 282 ya Suratul Baqara, yahusu deni: yatuamrisha tuliandike, na kwamba mwandishi awe muadilifu baina ya pande mbili. Wakili huyu ndiye mwandishi wa deni. Basi si ajabu mwenye kutoa mali akataka kumjua mwandishi kabla ya kalamu kushika karatasi.

Sasa mnunuzi afanyeje? Twamshauri mambo manne.

Kwanza, kabla ya kulipa hata senti, amuulize wakili: "Je, afisi yako imo katika orodha ya mkopeshaji wangu?" Amtajie jina la mkopeshaji kwa ukamilifu, kama lilivyoandikwa katika barua ya ahadi ya mkopo. Kampuni moja huenda ikakopesha kwa majina mbalimbali, na kila jina likawa na orodha yake. Jawabu alitake kwa maandishi.

Pili, asitosheke na neno la wakili peke yake. Amuulize na mkopeshaji, au dalali aliyemtafutia mkopo. Na akibadilisha mkopeshaji katikati ya kazi, kama wafanyavyo watu waonapo masharti nafuu kwengine, aulize upya.

Tatu, ajue kuwa kuwemo katika orodha hakutoshi. Orodha ni ulinzi wa mkopeshaji. Wewe una haja ya ulinzi wako. Tazama kama wakili yumo katika daftari la wasimamizi wa kazi hiyo, nalo li wazi kwa kila mtu. Tangu Disemba 2018 afisi za mawakili zinazofanya kazi hii hulazimika kuzitangaza bei zao, basi linganisha. Uliza ni nani hasa atakayeishika kazi yako, na akiwa hayupo nani atakujibu. Dalali wa nyumba akikuhimiza umchukue wakili wake, jua kwamba huenda analipwa kwa kukupeleka kwake, na wakili ana wajibu wa kukueleza hilo. Hulazimishwi kumfuata.

Nne, ikiwa wakili umpendaye hayumo katika orodha, jua hesabu yake mapema. Baadhi ya wakopeshaji hukubali ubaki naye, nao wakamweka wakili wao mbali. Lakini ujira wa wakili huyo wa pili utaulipa wewe, nao waweza kufika mamia ya pauni, na karatasi zitapita mikono miwili badala ya mmoja. Na katika Uingereza na Wales, mpaka mikataba iliyotiwa saini ibadilishwe baina ya pande mbili, muuzaji hafungwi na ahadi ya mdomo. Kila wiki ipitayo bure ni mlango wa kuikosa nyumba. Hilo ndilo lililowafika vijana wetu wa Leicester.

Liko jambo jingine ambalo kijana hakutuuliza, lakini barua yake imelifichua, nalo kwetu ni zito kuliko nyumba. Sehemu ya bei ambayo mnunuzi huitoa mwenyewe haikutoka yote mfukoni mwao. Baba yake huku aliuza kishamba chake akawapelekea fedha. Na ami yake akamkopesha kiasi, kwa ahadi ya kurudishiwa kidogo kidogo. Wakili alipouliza asili ya fedha, ikaletwa karatasi ami aitie saini kwamba fedha zile ni zawadi, hataki kurudishiwa, wala hana haki yoyote katika nyumba. Ami akatia saini, "ili mambo yapite."

Enyi ndugu zetu, hapa tusimame. Tumesema kwamba wakili huyu hutumikia watu wawili. Akijua kuwa zawadi ile ni deni, ni wajibu wake kumwarifu mkopeshaji, kwani mkopeshaji hupima uwezo wa mtu kwa madeni aliyonayo. Ukimkataza asiseme, hana budi kuacha kumtumikia mkopeshaji, na kazi yako itasimama papo hapo. Na asipojua, wewe umemdanganya mtu aliyekupa mali yake kwa kuamini neno lako.

Tena mtazame huyo ami. Ameandika kwa mkono wake kuwa hadai kitu. Akifa kesho, warithi wake watalidai vipi deni lile? Haki ya mayatima itapotea, na karatasi ya kuipoteza imeandikwa na baba yao mwenyewe. Deni hutolewa katika mali ya maiti kabla ya warithi kugawana, lakini nani atalipa deni ambalo mwenyewe alilikana kwa saini?

Basi twasema: zawadi iitwe zawadi, na deni liitwe deni, tangu siku ya kwanza, mbele ya wakili. Huenda mkopeshaji akakubali kwa masharti, huenda akapunguza mkopo, huenda akakataa. Kukataliwa kwa kusema kweli ni bora kuliko kukubaliwa kwa uwongo. Na baba aliyeuza kishamba aiweke hati ya mauzo na karatasi za benki, kwani sheria ya huko yamlazimu wakili ajue kila pauni imetoka wapi. Hilo si kumtukana mzee wetu. Kila mtu huulizwa vivyo hivyo.

Na jambo dogo la tahadhari: wezi wa siku hizi huingilia barua pepe baina ya wakili na mteja, wakaandika namba ya benki iliyo yao. Watu wameibiwa akiba ya umri mzima. Kabla ya kupeleka fedha, mpigie wakili kwa namba uliyopewa siku ya kwanza, umsomee namba ya benki, naye aithibitishe.

Msomaji hatakosa kutuuliza: "Na riba?" Hatukuandika haya kuihalalisha riba. Riba ni haramu, na hukumu yake haibadiliki kwa kuvuka bahari. Mwaka 2003 sheria ya kodi ya Uingereza ilirekebishwa ili mwenye kununua nyumba kwa njia ya Kiislamu, ambapo benki huinunua nyumba kisha ikampangisha mteja mpaka amalize kuimiliki, asilipishwe ushuru mara mbili. Mwaka 2004 ilifunguliwa huko benki ya kwanza ya Kiislamu. Mwenye kuiweza njia hiyo aifuate. Lakini ajue kuwa suali la wakili halimwepuki. Mikataba yake ni ya ununuzi na ya upangaji pamoja, si mawakili wote waliozoea kuiandika, na benki hizo nazo huchagua wa kuwakubali. Mara nyingi benki huwa na wakili wake mbali, na mnunuzi akawa na wake wa kumshauri peke yake. Aulize mapema vilevile, na aulize ni nani atakayewalipa wote wawili.

Ewe kijana wetu wa Leicester, nyumba ile imekwenda. Ilikuwa si riziki yenu. Yule wakili msimvunjie heshima katika safu ya msikiti, kwani hakuwaibia. Ingawa naye ilimpasa kuwauliza ni nani anayewakopesha kabla ya kupokea fedha zenu. Mtakapopata nyingine, ulizeni kwanza lile suali moja. Lakini kabla ya nyumba nyingine, andikianeni upya na ami yako. Deni lake lindikeni kama lilivyo, mbele ya mashahidi wawili, na nakala ipelekwe kwa watoto wake. Hapo ndipo mtakapoingia katika nyumba yenu mkiwa mmelala usingizi wa mtu asiyedaiwa uwongo.

Wallahu a'lam.